Kipi Kianze, Kipi Kifuate: Mwongozo wa Fedha za Kaya

Swali ambalo watu huanza nalo kuhusu uwekezaji ndilo lilipaswa kuja mwisho: ninunue nini? Anayeuliza huenda ana mkopo unaomgharimu asilimia 35 kwa mwaka na hana akiba ya kumvusha hata wiki mbili. Hisa bora kuliko zote sokoni hazitamfaa mtu huyo, kwa sababu siku mtoto akiugua ataziuza kwa bei yoyote atakayoikuta. Katika fedha za kaya, mpangilio una uzito kuliko ujanja wa kuchagua.

Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa makusudi. Ukiruka moja, inayofuata hukaa vibaya. Namba zote nimeziandika bila jina la sarafu; weka ya kwenu.

1. Andika kwa miezi miwili

Rekodi hutangulia bajeti. Bajeti inayotungwa kichwani huonyesha matumizi tunayotamani yawe yetu, wala si yale tunayofanya. Kwa miezi miwili andika kila kinachoingia na kila kinachotoka, pamoja na makato madogo ya kutuma pesa na ya kuendesha akaunti. Daftari au simu, haijalishi. Kama nyumba ina watu wazima wawili wanaotoa pesa, wote waandike mahali pamoja, la sivyo nusu ya habari itakosekana.

Kisha gawa mafungu matatu: ya lazima, yanayoweza kupungua, na marejesho ya madeni. Halafu tafuta gharama zinazokuja mara moja au mbili kwa mwaka, kama ada, bima, leseni na matengenezo. Zijumlishe za mwaka mzima, gawa kwa 12, na kiasi hicho kitengwe kila mwezi. Nyingi ya tunazoziita dharura ni bili ambazo tarehe yake ilijulikana tangu mwaka unaanza.

Ipo kanuni inayosambaa sana ya kugawa mapato: asilimia 50 kwa mahitaji, 30 kwa matakwa, 20 kwa akiba. Inamfaa mwenye kipato kinachotosha na cha uhakika. Kaya ambayo pango, chakula na nauli vinameza asilimia 80 haitapata chochote katika kanuni hiyo isipokuwa kujilaumu. Anza na asilimia 3 ikibidi, mradi iwe kila mwezi.

Asiye na mshahara wa mwezi apitie miezi 12 iliyopita, achukue wastani wa ile mitatu iliyokuwa mibaya zaidi, na apange matumizi ya lazima kwa kiasi hicho. Ziada ya miezi mizuri ihamishwe kabla haijazoeleka.

2. Akiba ndogo, hata kama unadaiwa

Lengo la kwanza ni kiasi kinachotosha matumizi ya lazima ya mwezi mmoja. Hesabu tupu ingesema maliza deni kwanza, kwa kuwa deni hutoza zaidi ya akiba inavyolipa. Lakini hesabu hiyo hudhani kwamba mwezi ujao hakutatokea kitu. Bila akiba hii, tairi likipasuka unakopa tena, na mara nyingi unakopa kwa riba mbaya kuliko ile uliyokuwa ukiilipa.

Iweke mbali na akaunti ya matumizi ya kila siku, lakini mahali unapoweza kuipata ndani ya siku moja au mbili, katika taasisi inayosimamiwa kisheria. Nchi nyingi zina bima ya amana inayowarudishia wateja fedha zao benki ikianguka, hadi kikomo fulani kwa kila mteja katika kila benki. Marekani, ambako utaratibu huo uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1933 baada ya maelfu ya benki kufungwa, kikomo cha sasa ni dola 250,000. Ulizia cha nchini kwenu. Ulizia pia kama kinahusu fedha za kwenye simu na za vyama vya akiba na mikopo, maana mara nyingi hizo zina utaratibu wake.

3. Madeni: tafuta bei yake ya kweli

Hapa ndipo kaya nyingi hupoteza fedha nyingi kuliko mahali pengine popote, na hupoteza bila kuona. Kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Mikopo miwili inaweza kutangazwa kwa riba ileile ya asilimia 20 na bado mmoja ukawa ghali karibu mara mbili ya mwingine. Siri iko katika kile ambacho riba inahesabiwa juu yake.

Chukua mkopo wa 1,000,000 wa miezi 12. Mkopeshaji wa kwanza anatoza asilimia 20 ya kiasi chote ulichokopa mwanzoni, bila kujali umekwisha kulipa kiasi gani. Riba ni 200,000. Jumla unarudisha 1,200,000, yaani 100,000 kila mwezi. Mkopeshaji wa pili anatoza asilimia 20 kwa mwaka juu ya salio linalopungua, yaani kila mwezi riba inahesabiwa kwa kiasi kilichobaki tu. Huyu utamlipa kama 92,600 kila mwezi, na riba yote itakuwa takriban 111,600.

Yule wa kwanza anakutoza riba ya pesa uliyokwisha kumrudishia. Mwezi wa kumi na moja umebaki na kipande kidogo tu cha mkopo mkononi, lakini riba bado ni ya milioni nzima. Ukitaka kuwalinganisha kwa kipimo kimoja, asilimia 20 ya mkopeshaji wa kwanza ni sawa na karibu asilimia 35 kwa mwaka kwa hesabu ya salio linalopungua. Akikata na ada ya asilimia 3 kabla ya kukupa pesa, ukapokea 970,000 badala ya milioni, bei inapita asilimia 41. Tangazo bado litasema 20.

Mikopo ya muda mfupi ina namna yake ya kujificha: inataja riba ya mwezi, au ya wiki, na hata ya siku. Asilimia 10 kwa mwezi inasikika ndogo. Deni la 10,000 lisipolipwa na riba ikawa inaongezwa juu ya deni kila mwezi, baada ya mwaka mmoja ni zaidi ya 31,300.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini, uliza maswali haya na yajibiwe kwa maandishi:

– Nitapokea mkononi kiasi gani, baada ya makato yote?
– Nitarudisha jumla ya kiasi gani, na kwa tarehe zipi?
– Riba inahesabiwa juu ya mkopo wa mwanzo au juu ya salio?
– Nikitaka kumaliza mapema, nitapunguziwa riba au nitatozwa faini?
– Nikichelewa siku tano, itakuwaje?

Swali la nne watu hulisahau. Katika mikopo mingi ambayo riba yake imekwisha jumlishwa mwanzoni, kulipa mapema hakukupunguzii chochote.

Sasa orodhesha madeni yako yote: salio, riba ya kweli kwa mwaka, na rejesho la chini la kila mwezi. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kwa utaratibu upi? Lipa kiwango cha chini kwa kila deni, kisha ziada yote ielekee kwenye lenye riba kubwa kuliko yote. Likiisha, fedha yake yote ihamie kwa linalofuata. Hiyo ndiyo njia inayookoa pesa nyingi zaidi. Wapo wanaopendelea kuanza na deni dogo kwa kiasi ili waone moja limefutika na wapate nguvu. Inagharimu zaidi, lakini kama njia ya kwanza umekwisha iacha mara mbili katikati, fuata ya pili.

Kuna ulinganisho mmoja unaomaliza mabishano mengi: kulipa deni la asilimia 30 ni sawa na kupata faida ya asilimia 30 isiyo na hatari wala kodi. Hakuna mfuko wa uwekezaji halali utakaokuahidi hivyo. Ndiyo maana mtu mwenye deni ghali anayenunua hisa anajinyima uwekezaji bora alio nao. Deni la riba ndogo, kama mkopo wa nyumba wa muda mrefu, ni jambo jingine; hilo linaweza kuendelea huku ukiweka akiba ya mbele.

Tahadhari moja inayohusu watu wengine: kudhamini mkopo wa ndugu au rafiki ni kukopa. Uweke kwenye orodha yako kwa kiasi chote, kwa sababu mkopeshaji tayari amekuweka kwenye yake.

4. Kinga ya nyumba

Deni ghali likiisha, ikuze akiba ya dharura ifike miezi mitatu hadi sita ya matumizi ya lazima. Mitatu inaweza kutosha nyumba yenye mapato mawili ya uhakika. Nyumba inayotegemea mtu mmoja, au kazi ya msimu, ilenge sita au zaidi.

Kisha bima. Nunua bima kwa hasara ambazo akiba haiwezi kuzibeba: ugonjwa mkubwa, kifo cha mtu ambaye wengine wanakula kwa jasho lake, moto, ajali uliyomsababishia mtu mwingine. Simu iliyovunjika kioo haihitaji bima, inahitaji akiba.

Kuhusu bima ya maisha, soma kwa makini inayochanganya bima na akiba. Mara nyingi gharama zake huwa zimezama ndani, na ukiacha kulipa katika miaka ya mwanzo unarudishiwa kidogo sana au hakuna. Bima ya kifo ya muda maalumu, isiyorudisha kitu ukiwa hai, ni ya bei nafuu zaidi kwa kinga ileile. Mwenye watoto wadogo na kipato cha kawaida kwa kawaida atanufaika kwa kununua kinga peke yake na kuweka akiba kivyake.

5. Kipimo cha faida ni kile kinachobaki baada ya bei kupanda

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya fedha taslimu huoza, polepole. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 5 kwa mwaka, 100,000 iliyofichwa ndani kwa miaka 10 itanunua vitu ambavyo leo vingenunuliwa kwa 61,400.

Ipo njia ya haraka ya kukadiria, na ni ya zamani: Luca Pacioli aliiweka katika kitabu chake cha hesabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494. Gawa 72 kwa kiwango cha asilimia, upate miaka ya kitu kuongezeka maradufu. Kwa asilimia 8, pesa huwa mara mbili kwa takriban miaka 9. Ukiigeuza, inapima uharibifu pia: kwa mfumuko wa asilimia 6, uwezo wa pesa kununua hupungua hadi nusu kwa miaka kama 12.

Hivyo ukiambiwa akaunti fulani inalipa asilimia 7, endelea na hesabu. Ondoa kodi, tuseme ni asilimia 10 ya riba, imebaki 6.3. Ondoa mfumuko wa bei. Kama ni 6, imebaki 0.3. Akaunti hiyo inalinda akiba yako, na hilo ni jambo jema kwa akiba ya dharura, lakini haiikuzi.

6. Kila pesa ipewe tarehe

Kabla ya kuchagua chombo, andika pesa hii itahitajika lini. Jibu la swali hilo hufanya robo tatu ya kazi ya kuchagua.

Inayohitajika ndani ya mwaka mmoja ikae kwenye akaunti ya akiba, amana ya muda maalumu, au dhamana za serikali za muda mfupi. Ya miaka miwili hadi mitano inaweza kwenda kwenye hatifungani (mikopo unayoipa serikali au kampuni) zinazoiva, yaani kulipwa, karibu na tarehe yako, au mifuko inayonunua hatifungani za muda mfupi. Hisa ziachiwe pesa ambayo hutaigusa kwa miaka mitano, na afadhali kumi. Karo ya mwakani haina biashara kwenye soko la hisa, hata soko likiwa linapanda kila siku.

7. Vyombo vyenyewe

*Amana ya muda maalumu.* Unaifungia benki pesa kwa miezi kadhaa, inakulipa riba mliyokubaliana. Ukiivunja mapema, riba yote au sehemu yake inapotea. Hapa hakuna mengi ya kusema, isipokuwa kwamba riba huweza kujadiliwa kiasi kikiwa kikubwa, na watu wengi hawaulizi.

*Hatifungani.* Unaikopesha serikali au kampuni. Inakulipa riba kwa vipindi, na mwisho inakurudishia mtaji. Watu hudhani bei ya hatifungani haisogei. Husogea, na kwa kinyume cha riba. Tuseme una hatifungani ya 1,000, ya miaka 10, inayolipa asilimia 10 kwa mwaka. Kesho yake riba ya soko inapanda hadi 12. Hakuna atakayekupa 1,000 kwa karatasi inayolipa 10 wakati mpya zinalipa 12. Bei yake itashuka hadi karibu 887. Ukiishikilia mpaka iive, na mkopaji asishindwe, utapata 1,000 yako. Ukilazimika kuiuza katikati, hasara ni yako. Mwaka 2022, riba zilipopandishwa kwa kasi, soko pana la hatifungani la Marekani lilipoteza kama asilimia 13, na waliodhani wamejificha mahali salama walishangaa.

*Hisa.* Unamiliki kipande cha kampuni. Faida huja kwa gawio na kwa bei kupanda, na vyote viwili havina ahadi. Hisa za kampuni moja zinaweza kufika sifuri. Hilo limetokea kwa kampuni kubwa na zenye majina. Ndiyo sababu ya kueneza mtaji katika kampuni nyingi za sekta mbalimbali. Na usinunue nyingi za kampuni unayofanyia kazi: ikianguka, utapoteza mshahara na akiba wiki moja.

*Mifuko ya uwekezaji wa pamoja.* Fedha za watu wengi hukusanywa na meneja, zikanunua hisa au hatifungani nyingi, na kila mtu akamiliki vipande kwa kadiri ya alichoweka. Kwa kaya nyingi hii ndiyo njia ya busara, kwa sababu kiasi kidogo kinaenea katika kampuni nyingi. Wapo mameneja wanaojaribu kulishinda soko kwa kuchagua, na ipo mifuko ya faharasa inayonunua soko zima bila kuchagua. John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard, alipouzindua mfuko wa faharasa kwa umma wa Marekani mwaka 1976, alitarajia kukusanya dola milioni 150. Zilipatikana milioni 11.3 tu, na wenzake wakamcheka kwamba anauza wastani. Hoja yake ilikuwa ya kihesabu tu: wawekezaji wote kwa pamoja ndio soko, hivyo hawawezi wote kulishinda, na kinachowatofautisha kwa muda mrefu ni gharama. Kama soko la kwenu lina mfuko wa aina hiyo wenye ada ndogo, uanzie hapo.

*Ardhi na nyumba.* Wengi wetu tunaziamini kuliko karatasi, na zimewatajirisha watu. Ila hesabu yake hufanywa nusu. Weka kodi za serikali, ukarabati, miezi isiyo na mpangaji, gharama za hati, na uwezekano wa mgogoro wa umiliki. Na kumbuka huwezi kuuza chumba kimoja kulipia matibabu.

*Biashara yako.* Kuongeza mtaji kwenye biashara inayolipa kunaweza kuzidi vyote hivi. Jilipe mshahara kwanza katika hesabu, ndipo uone kama imebaki faida. Duka linaloonekana kuingiza faida wakati mwenyewe anafanya kazi saa 14 bila malipo huenda linaishi kwa jasho lake tu.

8. Ada ndogo zisizo ndogo

Tuseme umeweka 1,000,000 kwa miaka 30, na soko linakupa asilimia 8 kila mwaka. Bila ada, inafika takriban 10,063,000. Meneja akichukua asilimia 2 ya mfuko kila mwaka, wewe unakua kwa 6, na unaishia na kama 5,743,000. Asilimia mbili iliyotajwa kwa herufi ndogo imekula asilimia 43 ya ambacho ungekuwa nacho.

Tafuta kwenye waraka wa mfuko: ada ya kuingia, ada ya usimamizi ya kila mwaka, ada ya kutoka, na kama yapo, makato ya mtunza mali (taasisi inayohifadhi mali za mfuko) na ya ufanisi (sehemu ya faida anayojikatia meneja). Mshauri wa fedha naye muulize analipwa na nani. Akilipwa kamisheni na anayeuza bidhaa, ushauri wake usikilize kama wa muuzaji, kwa heshima zote.

9. Fanya iende yenyewe, halafu ikae

Elekeza kiasi fulani kihamishwe siku ileile mapato yanapoingia. Kinachosubiri mwisho wa mwezi huwa hakibaki. Ukiweka 10,000 kila mwezi na faida ikawa asilimia 8 kwa mwaka, baada ya miaka 20 una karibu 5,890,000, ambapo 2,400,000 ni pesa yako mwenyewe. Ukiendelea hadi miaka 30 inafika 14,900,000. Miaka kumi ya mwisho imeleta zaidi ya ile ishirini ya kwanza, kwa kuwa faida inazaa faida juu ya rundo kubwa. Sokoni, bila shaka, hiyo asilimia 8 haiji kwa mstari ulionyooka.

Ni vema kujua mapema inavyoweza kuumiza. Kati ya Februari na Machi 2020 hisa za kampuni kubwa za Marekani zilishuka asilimia 34 kwa muda wa wiki tano hivi, kisha zikarudi kileleni kufikia Agosti. Aliyeuza Machi aliigeuza hofu kuwa hasara ya kudumu. Lakini wasimulizi wa soko hupenda mfano huo na kuficha mingine. Faharasa ya Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za Marekani, iliyofika kilele Septemba 1929 haikurudi pale mpaka Novemba 1954. Nikkei, kipimo kama hicho cha Japani, ilifika 38,915 mwishoni mwa 1989 na haikuivuka namba hiyo hadi Februari 2024. Magawio na ununuzi wa kidogokidogo wakati bei ziko chini hupunguza makali, lakini asiyetaka kusikia kwamba soko moja linaweza kulala miaka 34 asiweke fedha zake zote katika soko moja.

Kwa hiyo enea katika nchi zaidi ya moja ikiwa sheria na ada zinaruhusu. Mara moja kwa mwaka, tarehe unayoichagua wewe, angalia mgawanyo. Kama ulipanga nusu hisa nusu hatifungani na sasa hisa zimefika asilimia 65, elekeza michango mipya kwenye hatifungani mpaka irudi. Kuangalia bei kila asubuhi hakuongezi kitu isipokuwa vishawishi.

10. Wezi wa akiba

Charles Ponzi, Boston, mwaka 1920, aliahidi faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45. Alisema anafanya biashara ya kuponi za posta za kimataifa. Ukweli ni kwamba waliotangulia walilipwa kwa pesa za waliofuata, na mwaka huohuo alikamatwa. Albania, mwanzoni mwa 1997, mipango ya namna hiyo ilianguka ikiwa imemeza akiba za sehemu kubwa ya taifa. Ghasia zikafuata na serikali ikaanguka.

Kila mtu sasa anajua kukimbia anayeahidi maradufu kwa mwezi. Mfano wa kuufikiria zaidi ni wa Bernard Madoff, meneja wa uwekezaji aliyeendesha mpango wa namna hiyohiyo na kukamatwa New York Desemba 2008. Hakuahidi makubwa. Taarifa zake zilionyesha faida ya wastani, ya kila mwaka, karibu isiyotikisika, soko lipande au lishuke. Utulivu ule ndio uliopaswa kuwatisha wateja, maana hakuna kitu cha sokoni kinachokwenda hivyo.

Kabla ya kutoa pesa, fanya haya. Tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya mamlaka ya masoko ya mitaji au benki kuu ya nchi yako, wewe mwenyewe, bila kutumia kiungo ulichotumiwa. Uliza faida inatoka kwenye shughuli gani. Jibu lisipoeleweka kwa sentensi mbili, ondoka. Uliza nani anatunza mali, kwa sababu katika mfuko halali mtunza mali ni taasisi tofauti na meneja. Na kama mapato yako yanategemea kuingiza watu wapya, unajua tayari ni nini. Kujaribu kutoa kiasi kidogo na kukipata hakuthibitishi kitu. Matapeli hulipa vidogo kwa furaha ili walete vikubwa.

Msambazaji wa mipango hii mara nyingi si mgeni. Ni jirani, muumini mwenzio, shemeji, na yeye mwenyewe anaamini. Kumheshimu hakuzuii kwenda kuangalia orodha ya mamlaka.

11. Karatasi moja kwa ajili ya nyumba

Hatua ya mwisho inachukua mchana mmoja na hugharimu karibu bure, ndiyo maana huahirishwa. Andika kwenye karatasi moja: akaunti zote na taasisi zilizopo, mifuko na hisa, bima na namba za mikataba, hati za mali zilipo, madeni unayodaiwa na unayodai, na mikopo uliyodhamini. Usiandike namba za siri.

Kisha nenda kwa kila taasisi uhakikishe mnufaika uliyemwandika ndiye unayemtaka sasa. Fomu nyingi zilijazwa siku ya kwanza kazini, kabla ya ndoa, kabla ya watoto, na bado zinataja mtu aliyekwisha fariki. Andika wosia pia, kwa utaratibu wa sheria za kwenu, maana kumtaja mnufaika na kurithisha si kitu kimoja kila mahali.

Mwenzi wako, au mtu mmoja mzima unayemwamini, ajue karatasi iko wapi. Iandikwe upya kila mwaka, siku ileile unapoangalia mgawanyo wa uwekezaji, na tarehe iwekwe juu ili ya zamani ichanwe.